Masikio Sita

Betungura wa Ruti hakuniuliza mara ya kwanza.
Mara ya tatu aliweka panga juu ya gogo:
"Binti, paja hulitaki, mbavu huzitaki,
kila Jumanne masikio. Kwenu mnakula nini?"
Nikamwambia yanakwenda chuo kikuu.
Akacheka, akanipa la sita bure,
maana huyo, alisema, alikuwa mkaidi hata kuchinjwa.

Naam. Mkaidi.

Nimemnyoa kwa wembe mpya,
nimemwosha kwa maji baridi, moto usimguse,
nimetenga ngozi na gegedu kwa kisu kidogo,
nikaibana katikati ya glasi mbili:
juu, dawa;
chini, maji ya chumvi na sumaku inayozunguka
kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.
Nyuzi thelathini na mbili.
Kila saa, sirinji moja ya maji ya chini,
na daftari.

Saa ya kwanza: hakuna.
Saa ya pili: hakuna.
Saa ya tatu niliandika hakuna kabla sijapima,
nikafuta, nikapima.
Hakuna.

Nguruwe amekufa tangu alfajiri.
Moyo umekoma, ini limeuzwa,
mwenyewe ni muchomo na pilipili pale stendi,
lakini ngozi haijapelekewa taarifa.
Bado iko zamu.
Nani? inaiuliza dawa. Watoka wapi? Umetumwa na nani?
Na kinachouliza ni chembamba kuliko karatasi hii:
seli zilizokufa, zimelaliana kama matofali,
na kati yake, badala ya udongo, mafuta.
Anayetaka kuingia hapiti kwenye tofali.
Anapita kwenye udongo, kona kwa kona,
awe mdogo kiasi, ayapende mafuta kiasi,
wala maji asiyachukie.
Wengi huishia mlangoni.

Kwa Shangazi Bonabana, koo ndilo lililofunga mlango.
Dawa ya maumivu ilikuja kwa chupa, ya kunywa.
Nikampa kijiko, ikarudi kwa pembe ya mdomo,
ikashuka kidevuni, ikashuka shingoni,
ikatulia pale juu ya ngozi,
milimita chache tu
kutoka kwenye damu iliyokuwa ikiisubiri.
Nikaifuta kwa kitambaa.
Kitambaa kile ndicho kilichonileta hapa.
Profesa anadhani ni ufadhili.

Saa ya tano umeme ukakatika, Mbarara yote giza.
Jenereta ina ufunguo,
ufunguo anao Bwana Rwakishaya,
na Bwana Rwakishaya yuko Ibanda, anasindikiza bibi harusi.
Maji yakaanza kupoa.
Nikavua glavu, nikakumbatia glasi mbili kwa viganja,
namba moja na namba sita,
ngozi yangu, kioo, ngozi yake;
kwa kuwa uso wa mtu aliye hai nao una joto hilohilo,
ndiyo maana namba ile ilichaguliwa.
Nne nikaziacha zipoe.
Mikono ni miwili.

Umeme uliporudi, saa ya saba,
namba tatu ilimwaga dawa kama bomba la mtaani.
Nilisimama. Nusura nipige simu.
Kisha nikaiinua kwenye taa:
kitundu, upana wa unywele. Wembe wangu.
Nikaandika: imetoboka, isihesabiwe,
na kalamu ilikuwa nzito kwa neno dogo kama hilo.

Na namba sita, yule mkaidi,
ikaonyesha kwenye grafu kijinundu
ambacho mama angekipangusa akidhani ni vumbi.
Nilipima tena. Kipo.
Kibaba hakijajaa.
Haba imeanza.

Alfajiri nikanawa mikono kwa spiriti.
Kidoleni palikuwa na mkwaruzo nisioujua.
Spiriti haikubisha hodi.